Ubongo na VVU: historia iliyoandikwa mbali na Usukuma

Katika vijiji vya Bariadi, mtu mzima aliyekuwa timamu akianza kusahau njia ya shambani kwake na kuwatazama wanawe kama wageni, jina la Gamboshi hutajwa mapema kuliko jina la hospitali. Kijiji hicho kimebebeshwa sifa ya uchawi nchi nzima, na sidhani kama kuna kijiji kingine Tanzania kilicholaumiwa kwa vifo vingi kisivyohusika navyo. Hapana shaka baadhi ya vifo vya miaka ya 1980 na 1990 vilitokana na UKIMWI, na kwa wagonjwa wengine ugonjwa ulianza kuonekana kichwani.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa, Shinyanga ukiwemo. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Kukonda, kuharisha na kukohoa vilionekana na kila jirani. Kuchanganyikiwa kulipewa maelezo mengine.

Waliotazama upande huo mapema hapa nchini walikuwa Moshi. Mwaka 1989 Daktari William Howlett na wenzake wa hospitali ya KCMC walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 200 wa Kanda ya Kaskazini, na zaidi ya nusu walionesha dalili za akili kudhoofika. Dawa za ARV za bure zilikuwa bado miaka 15 mbele.

Kumpima mgonjwa wa aina hiyo hakuhitaji mashine. Kipimo kilichojaribiwa Kampala na Baltimore na kuchapishwa 2005 kinatumika hata kwa asiyejua kusoma. Mgonjwa anatajiwa maneno manne ayakumbuke. Kisha anagonganisha dole gumba na kidole cha shahada haraka awezavyo huku muuguzi akihesabu. Halafu anapiga ngumi mezani, anaulaza mkono kwa kiganja, anausimamisha kwa ubavu, na kurudia kwa mfuatano huohuo. Mwisho anaulizwa yale maneno manne. Anayekwama anajulikana ndani ya dakika chache, na chombo kinachohitajika ni saa tu.

Ila kipimo hicho kinaonesha kwamba pana hitilafu. Hakioneshi imetokana na nini. Ili kujua virusi vinafanya nini ndani ya fuvu, lazima mtu aufungue ubongo wenyewe, na hapo ndipo historia inapotuhama.

Huko Edinburgh, Uskochi, ambako VVU vilienea miongoni mwa waliojidunga heroini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa chuo kikuu walianza kuhifadhi ubongo wa waliofariki. Marekani ikafuata kwa mpango mkubwa zaidi: mwaka 1998 benki nne za ubongo, za New York, Los Angeles, San Diego na Galveston, ziliunganishwa katika mtandao mmoja wa taifa. Mchangiaji husaini akiwa hai na mwenye akili timamu. Hupimwa kumbukumbu, mwendo na damu mara kwa mara hadi siku zake za mwisho, ili mtafiti atakayeshika kipande cha ubongo wake ajue huyu alikuwa mtu wa namna gani, alimeza dawa zipi, alianza lini kusahau.

Akifariki, saa zinahesabiwa. Ubongo, wenye uzito wa kilo moja na gramu mia tatu au nne hivi, hutolewa haraka na kugawanywa katikati. Nusu moja hulowekwa kwenye fomalini kwa wiki kadhaa hadi ikakamae, kisha hukatwa vipande vidogo vinavyozamishwa katika nta ya parafini. Nusu ya pili hukatwa vipande vibichi na kugandishwa kwenye nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Kipande cha nta kinakaa kabatini miaka na miaka. Kilichogandishwa kinataka umeme usiokatika, na kila anayeishi Simiyu anajua ugumu wa sharti hilo.

Kutokana na vipande hivyo dunia ilijifunza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Virusi haviziingii seli za neva zenyewe kwa kiwango cha maana. Vinaingia ubongoni vimebebwa na seli nyeupe za damu, tena mapema baada ya maambukizi, kisha vinakaa katika seli za ulinzi za ubongo. Sumu na uvimbe unaotokana na seli hizo ndio unaoziumiza seli za neva jirani. Ikajulikana pia kwamba baada ya dawa kali za mwaka 1996, ule upungufu mkubwa wa akili ulipungua sana, lakini usahaulifu mdogo ulibaki kwa wengi.

Sasa tatizo. Ubongo mwingi uliomo katika benki hizo ulikuwa na aina B ya virusi. Tanzania tuna aina A, C na D pamoja na machotara yake. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2009 ulionesha kuwa wenye aina D walipata upungufu wa akili mara nyingi zaidi kuliko wenye aina A. Kundi lilikuwa dogo, lakini linatosha kutuonya kwamba majibu ya Los Angeles si lazima yawe majibu ya Bariadi.

Si kwamba Usukuma haukuchangia sayansi. Ukitoka Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu, unapita kata ya Kisesa. Tangu 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuwa wakiwafuatilia wakazi wa kata hiyo, wakichukua matone ya damu kwenye karatasi maalumu na kuhesabu waliozaliwa, waliohama na waliokufa. Kwa waliofia nyumbani, mtafiti hukaa na wafiwa na kuuliza: homa ilidumu siku ngapi, alikohoa, alipata degedege, alichanganyikiwa kabla ya kufa? Madaktari husoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Ni njia ya heshima na imetufundisha mengi, ila haiwezi kutenganisha kazi ya virusi vyenyewe, kifua kikuu cha ubongo na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi. Kwa mke anayesimulia, yote matatu ni maumivu ya kichwa na maneno yasiyoeleweka.

Kuyatenganisha kunahitaji kipande cha ubongo wenyewe, na ni rahisi kusema Wasukuma hawatakubali maiti ya ndugu yao iguswe. Nasikia hoja hii hasa kwa watu ambao hawajawahi kuwauliza. Watu waliotoa damu yao na kueleza vifo vya wazazi wao kwa miaka yote hiyo wanastahili angalau kuulizwa, na kukataa kwao, wakikataa, kuheshimiwa.

Afrika yenyewe ina ushahidi wa thamani ya kipande kilichotunzwa. Mwaka 1960 mwanamke mmoja wa Kinshasa alikatwa kipande cha tezi kwa uchunguzi wa kawaida wa hospitali. Kikawekwa kwenye nta na kubaki katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 2008 mtafiti Michael Worobey na wenzake walichapisha walichokikuta ndani yake: VVU. Kwa kukilinganisha na sampuli ya damu ya mji huohuo ya mwaka 1959, walikadiria kuwa virusi vilianza kusambaa kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye watafiti wakapekua vipande zaidi ya 1,600 na kupata kimoja cha 1966 kilichotoa karibu msimbo mzima wa kirusi. Mwanamke yule hakuulizwa kama tezi yake itumike hivyo; kosa hilo lisirudiwe.

Kwa hiyo anayedai Kanda ya Ziwa ingoje majokofu ya mamilioni ndipo ianze kutunza vipande vya ubongo, hajaisoma historia ya Kinshasa, kwa kuwa waliotunza vipande huko walichokuwa nacho ni nta na kabati. Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza inayopokea wagonjwa wetu wa Simiyu, ingeweza kuanza na hivyohivyo: vipande vya nta, daftari lenye namba badala ya majina, na fomu ya ridhaa inayoeleweka kwa Kiswahili na Kisukuma, iliyosainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake. Wizara ya Afya na NIMR waanzie hapo, na sampuli zibaki Mwanza.