Kutoka Sodo ya Kaniki Hadi Kikombe: Hedhi ya Wanawake wa Mkongo

Historia ya Rufiji imeandikwa kwa mafuriko, mpunga na Vita vya Majimaji. Jinsi wanawake wa huku walivyojistiri wakiwa hedhini haikupata mwandishi. Mimi ni mzaliwa wa Mkongo, huku huku Rufiji, na mjukuu wa kungwi. Nayaandika haya kwa sababu kikombe cha hedhi, kile kinachovaliwa ukeni kukinga damu, sasa kinatajwa kwenye semina, na wengi wanaokileta hudhani wanawake wa vijijini hawakuwa na elimu yoyote kabla yake.

Enzi za bibi yangu nguo ilikuwa mali. Pamba iliyolimwa kwa viboko vya Wajerumani, ile iliyong'olewa Nandete mwaka 1905 vita vilipoanza, ilisafirishwa Ulaya, na mwanamke wa huku akaenda dukani kununua nguo kwa fedha asiyokuwa nayo. Kwa hiyo sodo haikukatwa kwenye nguo mpya. Ilitoka kwenye kaniki iliyochakaa, kwa kuwa kitambaa kilichofuliwa sana ni laini na hunyonya vizuri, na weusi wake huficha doa. Bibi alikikunja tabaka tatu, akakipitisha katikati ya mapaja, akachomeka ncha mbele na nyuma kwenye kamba ya kiunoni. Huo ndio ubinda. Ukifungwa vizuri, mtu alipalilia kutwa nzima bila kuchafuka.

Ufundi huo ulifundishwa. Msichana akivunja ungo alitiwa ndani, akakabidhiwa kwa somo, yaani mwanamke wa kumfunda, akaonyeshwa kufunga, kufua na kuanika. Alikatazwa pia kutia chumvi kwenye mchuzi siku zake, na katazo hilo silililii. Ninachokithamini ni kwamba hakuachwa peke yake na damu yake.

Mtihani mkubwa ulikuwa dungu. Mpunga ukianza kuzaa bondeni, mama na binti zake walihamia kwenye vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mto uko karibu, lakini una mamba, na kufulia ukingoni gizani ni kujitafutia kifo. Kwa hiyo maji yalitekwa mchana, sodo ikafuliwa usiku ndani ya chombo, ikaanikwa chini ya khanga ili mwanamume asiione. Masika haikukauka. Iliyovaliwa mbichi ilichubua mapaja na kuleta muwasho.

Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni hadi vijiji vya ujamaa vya miinukoni mwaka 1969, ukoo wetu ukiwamo. Shamba likabaki bondeni, nyumba ikawa mbali. Safari ikarefuka, na hofu ya kulowa njiani ikazidi. Mama hakutoka bila khanga ya pili kiunoni. Miaka ya mwanzo ya 1980, khanga na sabuni zilipoadimika nchini, tulifulia majani ya mpapai.

Pedi za dukani zilikuja na raha yake, ila zinataka fedha kila mwezi. Julai 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, kisha Julai 2019 ikairudisha ikisema bei haikushuka. Ndipo kikombe kinapoonekana ukombozi: kimoja hudumu hadi miaka 10.

Nacho si kipya duniani. Leona Chalmers wa Marekani alipata hataza ya kikombe mwaka 1937. Chake kilikuwa cha mpira, na vita vya pili vya dunia vilipoleta uhaba wa mpira, utengenezaji ukakwama. Vya leo vingi ni vya silikoni. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Public Health yalionyesha kwamba kikombe hakivujishi zaidi ya pedi au tamponi.

Hata hivyo, binti wa dada yangu alipewa kikombe bila maelekezo, kikamchafulia sketi siku ya kwanza, akakitupa uvunguni. Nilikaa naye chumbani. Nikamwonyesha kukikunja, kuchuchumaa, kukiingiza kikielekea nyuma, kisha kuzungusha kidole pembeni kuhakikisha kimefunguka chote, kwa kuwa mkunjo ukibaki, damu hupita hapo. Vitundu vya ukingoni visizibe. Wakati wa kukitoa, abinye kitako kwanza, asivute mkia tu. Kimwagwe kabla ya muda wa saa 12 kupita, mapema zaidi siku za damu nyingi. Hedhi ikiisha kichemshwe kwenye sufuria yake peke yake. Mwanzoni avae na kitambaa cha akiba. Kufikia mwezi wa tatu alikwenda shule bila wasiwasi.

Wazazi wengi huogopa kwamba kikombe kitamwondolea binti ubikira, na hofu hiyo ijibiwe kwa heshima. Msichana asiyetaka kikombe apewe kitambaa safi au pedi, asilazimishwe.

Ombi langu kwa wanaoleta vikombe katika wilaya za Rufiji na Kibiti: msigawe na kuondoka. Tafuteni kwanza wanawake wa kijiji wanaoaminiwa, wafundisheni, waachieni muda wa kuwafuatilia wasichana angalau miezi mitatu, na hakikisheni choo cha shule kina maji na mlango unaofungwa. Bibi zetu walishinda uvujaji kwa kipande cha kaniki kwa sababu kila msichana alikuwa na somo. Kikombe nacho kinamhitaji.