Batli, logi au kumbukumbu? Neno lililotuponyoka mwaka wa 2017

Mpelekee fundi hodari wa tarakilishi pale Ngara mashine inayojizima ovyo, naye hatakimbilia bisibisi. Atauliza kwanza, "Logi zinasemaje?" Anachotaka kusoma ni ile orodha ambayo mfumo endeshi hujiandikia kimyakimya: nani aliingia na saa ngapi, programu gani ilianza, ipi ilikwama. Waingereza huiita log. Sisi je?

Neno lenyewe la Kiingereza lilitoka baharini. Mabaharia walitupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi kabla mchanga wa saa ya kioo haujaisha. Hivyo ndivyo walivyojua kasi ya meli. Hesabu hiyo iliandikwa daftarini, na daftari nalo likarithi jina la gogo. Waswahili, watu wa vyombo tangu jadi, wana neno lao kwa daftari hilo: batli. Kamusi zetu zimelihifadhi, ingawa nje ya wanamaji ni nadra kulisikia.

Mapema miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiunda Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Alihitaji njia ya kujua barua zinakwama wapi, akabuni syslog. Mtindo huo ulienea kwenye mifumo ya Unix, kisha Linux. Ujumbe hupangwa katika viwango 8, kuanzia 0 hadi 7, na hapa wengi huteleza kwa sababu nambari ndogo ndiyo balaa kubwa. Sufuri ni dharura, mfumo hautumiki tena. Tatu ni kosa, nne ni onyo, sita ni taarifa ya kawaida tu. Saba ni porojo zote za ndani ambazo fundi pekee huzihitaji.

Mwenye mashine ndiye huamua ni kiwango kipi kiandikwe. Akikomea 3, maonyo yote yatapotea. Akiacha 7 miezi na miezi, diski itafurika. Ndiyo maana fundi anayesaka hitilafu hupandisha kiwango kwa muda, akairudia ile hitilafu makusudi, akasoma, kisha akakishusha. Linux nyingi za siku hizi hata huwashwa zikiwa zimeamriwa kunyamaza, mtumiaji aone picha nzuri tu. Fundi huiondoa amri hiyo kwanza. Uamuzi huu hufanywa kabla ya tukio, maana ujumbe ambao haukuandikwa leo hakuna mtaalamu atakayeufufua kesho.

Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikaingia katika kazi ya kuzitafsiri Windows na Office. Kazi hizo zilihitaji istilahi kwa maelfu. Kwa log, wengi waliegemea kumbukumbu, na hata Wikipedia ya Kiswahili hutumia neno hilo. Sioni kosa la kisarufi hapo, ila mzigo umezidi. Kumbukumbu ni yaliyojadiliwa mkutanoni. Kumbukumbu ni sherehe ya marehemu. Kumbukumbu pia ni ile sehemu ya tarakilishi inayoshikilia data kazi ikiendelea. Mwambie mwanafunzi "kumbukumbu imejaa, ifute", kisha uone atafuta nini!

Gharama ya mkanganyiko huu tuliiona 2017, tena mwendo mfupi tu kutoka Ngara. Katika kesi ya kupinga uchaguzi wa urais wa Agosti 8, Mahakama ya Juu iliagiza mnamo Agosti 28 kwamba walalamishi waruhusiwe kusoma, bila kubadilisha chochote, rekodi za seva za IEBC, zikiwemo zile za nani aliingia na lini. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu. Septemba 1, majaji 4 dhidi ya 2 walibatilisha matokeo, na kutotii huko kulikuwa miongoni mwa sababu walizoeleza baadaye katika uamuzi kamili.

Mitaani, kilio kilikuwa "fungua seva!" Kilishika kweli kweli. Lakini seva ni sanduku. Ukilifungua kwa bisibisi utaona nyaya na feni. Mahakama haikuagiza sanduku lifunguliwe, iliagiza daftari lisomwe, na daftari hilo halikuwa na jina midomoni mwa watu. Magazeti nayo, sisi tukiwemo, yalizungukazunguka na "taarifa za seva" na "data za mitambo".

Napendekeza batli lirejeshwe: batli la mfumo, mabatli ya seva, kiwango cha batli. Wapo watakaosema vijana hawalijui. Na rununu walilijua nani? Wengine watashikilia logi, nami siwapigi vita, japo logi haimwambii Mswahili lolote kuhusu kazi yake ilhali batli tayari ni daftari la safari, lenye saa na matukio. "Tupeni mabatli ya seva kuanzia saa kumi na moja jioni ya Agosti 8" ni ombi ambalo hata wakili asiyejua kuwasha tarakilishi angeweza kulisimamia kortini.