Kutoka "Msagaji" hadi "Rafiki": Historia Fupi ya Maneno, na Filamu Chache za Kutazamwa

Mfasiri mmoja wa Mbeya alituletea orodha ya filamu pamoja na swali. Alikuwa ameombwa aandike kwa Kiswahili maelezo mafupi ya kila filamu, kwa ajili ya wanachuo wa Mbeya na Iringa wanaosoma historia ya sinema. Filamu zote zilihusu mapenzi ya mwanamke na mwanamke. Kazi ilimwendea vizuri isipokuwa kwa neno moja, nalo ndilo lililorudi katika kila maelezo. Aliandika "filamu ya wasagaji", akafuta. Akaandika "filamu ya mashoga wa kike", akafuta tena. Mwishowe aliacha pengo, akatuandikia. Kwa kuwa pengo hilo litawakuta wafasiri wengine, na walimu, na watumishi wa serikali, tumeona ni vema jibu letu lisomwe na wote. Twaanza na historia, maana neno halipimiki mpaka ijulikane lilikotoka.

Filamu na msimulizi wake

Katika nchi yetu picha za sinema zilifungamana na usimulizi tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikiwa na maelezo katika Kiswahili na lugha nyinginezo za wenyeji. Mwaka 1952 ikatoka "Muhogo Mchungu", ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kampuni ya Filamu Tanzania ikaundwa mwaka 1968. Baadaye, mikanda ya video ilipoenea, vibanda vya video vilichipuka katika miji mingi, na miji ya barabara kuu itokayo Iringa kupitia Makambako hadi Mbeya na Tunduma haikuachwa nyuma. Huko Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, neno kwa neno na kicheko kwa kicheko.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mara nyingi mtazamaji wa kwetu amepokea filamu ya kigeni kwa kinywa cha mtu aliyemchagulia maneno. Msimulizi akisema "mhuni", kijana yule aliye kwenye pazia ni mhuni. Akisema "shujaa", ni shujaa. Picha ni ile ile. Hivyo mfasiri aliyeachia pengo hakuwa akitafuta pambo la sentensi. Alikuwa akiamua wanachuo wale watawaona watu wa namna gani kabla taa hazijazimwa.

Neno "msagaji"

Neno lililozoeleka magazetini ni "msagaji". Umbo lake ni wazi: mzizi ni wa kitenzi "saga", na kiishio "-ji" humtaja mtu afanyaye jambo kwa mazoea, kama katika "msomaji" na "mchezaji". Kwa hiyo neno hili humtambulisha mwanamke kwa tendo la mwili peke yake, tena tendo kama linavyodhaniwa na mtu aliye nje.

Kiswahili hakiko peke yake katika taswira hii. Kiarabu kina neno "sihaq", kutokana na mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga. Wagiriki walikuwa na neno lililotokana na kitenzi cha kusugua, nalo likapita katika Kilatini na kufika katika Kifaransa kwa umbo la "tribade". Lugha tatu zilizo mbali namna hii zimekutana mahali pamoja: katika tendo. Lugha za Ulaya zilipata baadaye jina jingine, lililotokana na kisiwa cha Lesbos, alikoishi mshairi Sappho yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Jina hilo lilihamisha fikra kutoka kwenye tendo hadi kwa mwanamke aliyetunga mashairi ya mapenzi. Kiswahili hakikupata uhamisho wa namna hiyo.

Kwa msomaji wa Iringa au Mbeya neno hili lina taabu ya ziada. Hii ni mikoa ya mahindi. Kila mtaa una mashine ya kusaga, na msagaji ni mtu anayengoja debe lake la unga. Mwalimu akilitamka darasani, nusu ya wanafunzi watacheka kwa sababu moja na nusu kwa sababu nyingine, na filamu itakuwa imekwisha kabla haijaanza.

Neno "shoga"

Jaribio la pili la mfasiri wetu nalo lina historia yake. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, naye huitwa hivyo kwa mapenzi mema: "shoga yangu". Neno hilo hilo lilipotumiwa juu ya mwanamume lilikuwa na maana ya mwanamume anayelala na wanaume, na maana hiyo ndiyo iliyoenea bara kwa njia ya magazeti. Leo mwanamke wa bara husita kumwita mwenziwe shoga. Wasichana wa mijini wamejitungia "shosti" ili kuziba nafasi. Lugha yetu imepoteza hapo neno zuri la urafiki wa wanawake. Kusema "mashoga wa kike" ni kuchukua neno lililokuwa la wanawake, kulipitisha kwa wanaume, kisha kulirudisha kwa wanawake likiwa tusi.

Nyanda za Juu zenyewe

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya pwani au ya ng'ambo, na kwamba Nyanda za Juu hazina la kuchangia. Sisi hatuoni hivyo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, nacho amekijenga juu ya neno moja la Kinyakyusa: "ukwangala", yaani raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza na walio sawa nawe. George Park, aliyeishi na Wakinga mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jamii ambamo vijana walichelewa kuoa na kuolewa, na ambamo ukaribu wa wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake ulikuwa nguzo ya maisha.

Hatusemi kwamba ukwangala ni mapenzi ya filamu tunazozitaja. Kufanya hivyo kungekuwa kulilazimisha neno. Tunasema kwamba lugha za nyanda hizi zina hazina ya maneno ya kukaa pamoja kwa raha, na kwamba katika maandishi ya wataalamu ukwangala umeelezwa zaidi kwa upande wa wanaume. Mfasiri ajue kwamba anafanya kazi mahali ambapo wanawake wameandikwa kidogo.

Filamu tano

Sasa twende kwenye filamu zenyewe. Tumechagua zilizotengenezwa vizuri, na ambazo kila moja ina funzo la lugha.

Ya kwanza ni "Mädchen in Uniform", ya Ujerumani, mwaka 1931. Mwelekezaji wake, Leontine Sagan, baadaye alifanya kazi ya tamthilia Afrika Kusini, akafariki Pretoria mwaka 1974. Waigizaji wote ni wanawake. Msichana wa shule ya bweni aliyefiwa na mama yake anampenda mwalimu wake, na mkuu wa shule anaona hilo ni maasi. Kila mwalimu aliyewahi kusimamia bweni ataijua hofu iliyomo. Hapa hakuna tendo ambalo neno "msagaji" lingeweza kulitaja. Kuna upweke, heshima na penzi la ujana.

Ya pili ni "Fire" ya Deepa Mehta, mwaka 1996. Radha na Sita, walioolewa na ndugu wawili katika nyumba moja mjini Delhi, wanapendana. Majumba ya sinema yaliyoionyesha yalishambuliwa nchini India mwaka 1998. Kwa jarida la istilahi, kiini chake ni pale Sita anapomwambia mwenziwe kwamba lugha yao haina neno la kueleza walivyo. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya filamu hiyo husemwa kwa Kiingereza. Wahusika wanalalamikia upungufu wa lugha yao katika lugha ya wengine, na mfasiri wetu wa Mbeya anajua maana ya jambo hilo.

Ya tatu ni "Stories of Our Lives", ya Kenya, mwaka 2014, iliyoelekezwa na Jim Chuchu. Ni hadithi tano fupi zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe, na mojawapo, juu ya wasichana wawili wa shule, ina jina la mtaani: "Itisha Poa". Filamu hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka huo huo.

Ya nne ni "Portrait de la jeune fille en feu" ya Céline Sciamma, ya Ufaransa, mwaka 2019, iliyopata tuzo ya mswada bora huko Cannes. Mchoraji anaitwa kuchora picha ya msichana anayekaribia kuolewa. Kwa muda mrefu wawili hao huitana kwa nafsi ya heshima ya Kifaransa, ile ya wingi. Nafsi ya ukaribu ikija, imechelewa. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika "wewe", lakini kina njia zake: kumwita mtu "bibi", kisha kumwita kwa jina tupu. Mfasiri ajihadhari na "dada". Neno hilo tulilipendalo litawageuza wapenzi kuwa ndugu.

Ya tano, iliyo karibu nasi kuliko zote, ni "Rafiki" ya Wanuri Kahiu, mwaka 2018. Imetokana na hadithi fupi ya "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wa Nairobi wanaoshindania kiti kimoja. Wanapendana, mtaa unajua, na mtaa unawaadhibu. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha la Cannes. Ilipigwa marufuku nchini mwake Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaza majumba ya sinema Nairobi.

Jina lake ndilo funzo kubwa. Mwelekezaji ameeleza kwamba mtu asiyeweza kumtambulisha mpenzi wake mbele ya watu husema, "Huyu ni rafiki yangu." Rafiki ni neno lililotoka Kiarabu, nalo asili yake ni mwenzi wa safarini. Wapendanao hawa, wasipopewa neno, walichukua lililokuwapo na kulijaza maana yao.

Mapendekezo yetu

Mtumishi wa serikali atauliza juu ya sheria, na ni haki yake. Sheria za Bara zinaadhibu baadhi ya matendo ya watu wa jinsia moja, na marekebisho ya Zanzibar ya mwaka 2004 yaliyataja wazi matendo ya wanawake. Kuonyesha filamu hadharani nako kunahitaji kibali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976 na marekebisho yake. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria mwaka 2021, wafasiri wengi watakutana na vifungu hivyo. Katika hati ya sheria, tendo litajwe kama sheria inavyolitaja. Lakini maelezo ya filamu si hati ya mashtaka. Mfasiri wa hadithi haamui kesi. Anasema ni nani, na nini kinawapata.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maelezo, mihtasari na masomo, isemwe "mapenzi ya wanawake wawili", na watu wenyewe waitwe "wapenzi". Neno "mpenzi" limejengwa kwa "penda", na lina uzuri huu: ni yule apendaye na yule apendwaye kwa pamoja. Halihitaji kiambatisho; wahusika wakiwa Kena na Ziki, msomaji ataelewa. Pale istilahi ya jumla inapotakiwa, "mapenzi ya jinsia moja" inafaa, ingawa ni neno la ofisini. "Msagaji" libaki mahali pake: kinywani mwa mhusika anayetukana, ambako kulilainisha kungekuwa uongo. Hapo mtazamaji alisikie na alione linavyoumiza.

Mfasiri wetu ameshajaza pengo lake. Maelezo ya "Rafiki" yanasomeka hivi: "Wasichana wawili wa Nairobi wanapendana, na baba zao ni mahasimu wa siasa." Maneno yote hayo yalikuwapo katika Kiswahili siku zote.