Istilahi za Usimamizi wa Kompyuta: Haki au Dhamana?

Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja jina, tuliwahi kuombwa tufasiri mwongozo mfupi wa matumizi ya kompyuta za mezani. Mwongozo ule ulieleza kwamba kila kompyuta ina akaunti za namna mbili: ya mtumiaji wa kawaida, na nyingine yenye uwezo wa kuweka programu mpya, kubadili mfumo wenyewe, na kufungua au kufunga akaunti za watu wengine. Hii ya pili sisi tuliiita "akaunti ya mkuu", na uwezo wake tukauita "haki za mkuu". Tafsiri ilipokelewa bila ubishi. Siku chache baadaye mkuu wa idara aliagiza apewe akaunti hiyo, kwa kuwa mkuu ni yeye. Na wasaidizi wake wawili nao wakaidai, kwa kuwa haki hainyimwi mtu. Fundi hakuwa na la kujibu, maana maandishi yalikuwa upande wao. Haukupita muda mrefu, mmoja wao akafungua kiambatisho cha barua asichokijua huku akiwa ndani ya akaunti ile, na kompyuta ikalazimika kufutwa yote na kuwekewa mfumo upya.

Aliyefungua kiambatisho alikosea. Lakini sisi tulikuwa tumekosea kabla yake, na ndiyo sababu ya makala haya. Yafaa turudi nyuma tuone uwezo huu ulianzaje, uliitwaje na wenyewe walioubuni, na maneno yao yalibadilikaje.

Kompyuta za mwanzo zilitumiwa kwa zamu, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo swali la nani aruhusiwe nini halikuwa na uzito mkubwa. Lilipata uzito pale watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mfumo wa namna hiyo ulioitwa CTSS ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Kila mtumiaji alikuwa na neno lake la siri. Katika miaka hiyo ya 1960 kulitokea huko kisa ambacho Corbató mwenyewe alikisimulia baadaye. Programu ya kuhariri maandishi ilikuwa imetungwa kwa kudhani kwamba katika folda moja atafanya kazi mtu mmoja tu, na kwa hiyo faili lake la muda lilikuwa na jina lile lile siku zote. Wasimamizi wawili wakaingia katika folda ya mfumo kwa wakati mmoja: mmoja akihariri tangazo la siku, mwingine akihariri orodha ya maneno ya siri. Mafaili mawili yale yakabadilishana nafasi, na kila aliyefungua mashine akakaribishwa na orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake. Hapakuwa na mwizi wala adui. Palikuwa na wenye uwezo wawili waliokuwa wakifanya kazi zao halali.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix. Katika mfumo huo kila mtumiaji ana namba, na mwenye namba 0 hazuiwi na kizuizi chochote kinachowazuia wengine: husoma faili la yeyote, hufuta lolote. Jina lake ni "mzizi", nalo ndilo jina la mahali mti wote wa mafaili unapoanzia. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa Novemba 1971, tayari ulikuwa na amri ya herufi mbili, su, ya kumgeuza mtumiaji wa kawaida kuwa huyo mwenye uwezo wote, mradi alijue neno la siri. Miongozo ya Unix ya miaka hiyo ina jambo dogo linalotupendeza sana. Mtu akiisha kugeuka, alama inayomwalika kuandika amri nayo hubadilika ikawa #, na mwongozo unasema kwamba alama hiyo ipo ili kumkumbusha wajibu wake. Waliobuni uwezo huu walitaka mwenye nao aone mbele ya macho yake, kila mstari, kwamba sasa amevaa vazi lisilo lake la kila siku.

Msingi wa nadharia uliwekwa mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walipochapisha makala yao juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizozitaja, moja inasema kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaoitosha kazi ile. Faida yake ya kwanza waliyoieleza ni kupunguza madhara ya ajali au kosa. Wengi hudhani kanuni hii ni ya kuwashuku watumishi. Kumbe hata mwaminifu kuliko wote huteleza kidole, na programu aliyoifungua hurithi uwezo wake wote bila kumwuliza.

Mnamo mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika amri ya sudo katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo. Kwa amri hii mtu hahitaji kugeuka mzizi asubuhi nzima. Huomba uwezo kwa amri moja, kwa neno lake mwenyewe la siri, ikiwa jina lake limo katika orodha ya walioruhusiwa. Na amri aliyoitoa huandikwa katika daftari la kumbukumbu pamoja na jina lake. Wanaistilahi wataona jambo jingine hapa. Herufi mbili za su zilisimama mwanzoni kwa maneno yenye maana ya "mtumiaji wa juu". Baadaye watu wakazifafanua kuwa "kushika nafasi ya mtumiaji mwingine", kwa sababu amri iliweza kumgeuza mtu kuwa yeyote, si mzizi peke yake. Herufi zilibaki zile zile, maana ikahama kutoka cheo kwenda kaimu.

Kompyuta ya mezani ilifuata njia nyingine. Ile ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilitumia mfumo wa DOS, ambao haukujua tofauti yoyote ya watumiaji: aliyeketi mbele yake alikuwa na uwezo wote. Mfumo wa Windows NT ulileta utengano mwaka 1993, lakini hata Windows XP ya mwaka 2001 ilizipa akaunti za nyumbani uwezo wa usimamizi tangu siku ya kwanza. Watu wakazoea. Windows Vista ilipowafikia wanunuzi mwaka 2007 ikiwa na dirisha la kuomba kibali kabla ya kila badiliko kubwa, wengi walichoka kuulizwa, wakalizima. Toleo la mwaka 2009 lilipunguza maswali, lakini utaratibu ulibaki: hata msimamizi hufanya kazi zake nyingi kwa uwezo wa kawaida, na hupandishwa pale tu anapokubali.

Sasa tuyapime maneno yetu. Neno la Kiingereza linalotajwa katika miongozo limetokana na Kilatini privilegium, yaani sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja mahususi. Ni upendeleo wa kipekee, na upendeleo si haki. Haki kwa Kiswahili ni kitu ambacho mtu anacho kabla hajapewa, na akinyimwa amedhulumiwa. "Mkuu" nalo ni neno la cheo, na cheo mtu hulala nacho na kuamka nacho. Tukiyaunganisha mawili hayo tunamfundisha mtumishi kinyume kabisa cha kanuni ya 1975.

Tunapendekeza "msimamizi". Neno hili limo tayari katika baadhi ya tafsiri, lakini hatujaona sababu yake ikielezwa, nayo ipo karibu sana. Mahakama zetu zimezoea kumwita "msimamizi wa mirathi" yule ambaye Waingereza humwita kwa neno lile lile wanalomwita msimamizi wa kompyuta. Msimamizi wa mirathi hutunza mali isiyo yake. Huteuliwa, hawi msimamizi kwa kutaka. Hupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa. Kazi ikiisha, mamlaka yake huisha. Daftari la sudo ni hesabu ya namna hiyo hiyo. Na kwa tendo la kupanda kwa muda tunalo "kukaimu", ambalo mtumishi yeyote wa serikali hahitaji kufafanuliwa. "Ingia kama kaimu, weka programu, kisha toka" ni maagizo anayoyaelewa mara moja. Kile anachokitoa mtu dirishani anapoulizwa na kompyuta kiitwe "idhini", kwa kuwa idhini hutolewa kwa jambo moja, na anayeitoa hupaswa kujua anaidhinisha nini.

Mwongozo tuliourekebisha kwa maneno haya unamwelekeza msimamizi naye awe na akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, za barua na za kusoma kurasa, na neno la siri la usimamizi liwe tofauti. Kadhalika unataka afungiwe akaunti siku anapohamishwa. Tuliongeza onyo ambalo asili haikuwa nalo: akaunti ya kawaida hulinda mfumo na mafaili ya wengine, lakini haiyalindi mafaili ya mwenyewe, kwa kuwa programu mbaya aliyoifungua ina uwezo wote alio nao yeye juu ya barua zake. Nakala ya akiba bado yahitajika.

Limebaki jina la kanuni yenyewe. "Kima cha chini cha mamlaka" tulikijaribu tukakiacha, maana wasikilizaji wetu wote walidhani tunazungumzia mishahara. Kwa sasa tunatumia "dhamana ya kadiri ya kazi". Ni ndefu, na mwalimu mmoja ametuambia haitamki vizuri darasani. Aliye na fupi zaidi atuletee.