Kwa nini balbu ya kuokoa stima ilikuwa ghali hivyo?

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini leo tuache kompyuta kidogo tuzungumze juu ya balbu.

Miaka ya 2000, ukiingia maduka ya Luthuli Avenue au River Road, balbu ya kuokoa stima iliuzwa bei mara kadhaa ya ile ya kawaida. Wengi walisema ni ulafi wa wenye maduka. Mimi nasema, fungua uone.

Balbu ya zamani ni waya wa tungsten, gesi kidogo na kioo, basi. Mashine za kuitengeneza zilikuwa zimejilipa zamani. Tena mwaka 1924 makampuni makubwa yalikutana Geneva yakaungana, na baadaye yakawekeana kikomo cha saa 1000. Iungue upesi, urudi dukani!

Ile nyingine ina saketi nzima kwenye kitako: transista, kapasita, koili, za kugeuza stima yetu ya mawimbi 50 kwa sekunde iwe maelfu mengi. (Mrija usiuvunje, una zebaki.) Edward Hammer wa General Electric aliupinda mrija huo kama springi mwaka 1976, lakini mashine mpya zingegharimu kama dola milioni 25, kampuni ikauweka mradi kando. Osram ilileta yenye saketi ya kielektroniki mwaka 1985. Bei ilishuka hasa viwanda vya China vilipoingia.

Hapa Kenya, ukame ulituletea mgao wa stima mwaka 2000, na tena 2009. Mwaka 2010 KPLC ikaanza kugawa bure balbu zaidi ya milioni moja: leta ya zamani, chukua mpya. Haikuwa sadaka. Jioni kila mtu huwasha taa kwa pamoja, na kukodi jenereta za dizeli ni ghali zaidi.

Hesabu ni rahisi: wati 60 ukitoa 11 ni 49, yaani yuniti 49 kwa saa 1000. Mtu wa Lavington mwenye mita yake aliziona kwenye bili. Lakini kwenye ploti za Kangemi na Kawangware ambako vyumba vingi vinatumia mita moja na stima imo ndani ya kodi, mpangaji angenunua balbu ghali ili mwenye nyumba aokoe pesa. Akihama mwezi ujao, je, aifungue aende nayo? Wengine walifanya hivyo hasa. Wengi walinunua ya bei rahisi, na kwa hesabu zao walikuwa sawa.