Ritifaa katika majina na hitilafu za hifadhidata

Ritifaa, alama inayotumika katika neno ng'ombe, imo pia katika majina mengi ya Wakenya kama vile Ng'ang'a, Nyong'o na Ong'era. Katika SQL, lugha inayotumiwa kuamuru hifadhidata za tarakilishi, alama hiyo hiyo hufungua na kufunga maandishi. Kazi hizo mbili zinapogongana, rekodi ya mwenye jina hukataliwa.

Amri ikiandikwa jina = 'Nyong'o', hifadhidata hudhani kwamba maandishi yameishia kwenye Nyong. Herufi o hubaki bila maana, na alama ya mwisho huchukuliwa kuwa mwanzo wa maandishi mengine yasiyofungwa. Kanuni ya SQL ni kuiandika ritifaa mara mbili, 'Nyong''o'. Kinachohifadhiwa huwa ni alama moja tu.

Tatizo huzidi katika taratibu zilizohifadhiwa, yaani amri zilizotungwa mapema na kuwekwa ndani ya hifadhidata ili ziitwe zinapohitajika. Baadhi yazo huunga vipande vya maandishi, hutunga amri mpya, kisha huitekeleza. Jina likiwa ndani ya amri ambayo nayo imo ndani ya maandishi, kila tabaka hurudufu alama. Ritifaa moja ya Nyong'o huandikwa mara nne.

Anayetafuta kosa hapaswi kukisia idadi ya alama. Aichapishe kwanza amri iliyokwisha kuungwa, kabla haijatekelezwa, aisome kama hifadhidata itakavyoisoma. SQL Server ina PRINT, Oracle ina DBMS_OUTPUT.PUT_LINE, na PostgreSQL ina RAISE NOTICE. Katika Oracle, kosa nambari ORA-01756 huashiria maandishi ambayo hayakufungwa. Aidha, achunguze kama ritifaa ni iliyonyooka au iliyopinda, kwani programu za kuandikia barua huibadilisha, na jina lililohifadhiwa kwa alama moja huenda lisipatikane likitafutwa kwa nyingine.

Dawa ya kudumu ni kutounganisha jina na amri. Jina hupitishwa kando kama kigezo, kupitia sp_executesql katika SQL Server, au EXECUTE IMMEDIATE pamoja na USING katika Oracle. Hapo hifadhidata hulipokea jina kama data tu, hata likiwa na alama gani. Majina ya majedwali hayawezi kupitishwa hivyo. SQL Server huyalinda kwa QUOTENAME, na PostgreSQL kwa quote_ident.

Uzembe katika jambo hili una gharama. Pengo linalokataa jina la Nyong'o ndilo linalomruhusu mhalifu kuandika ritifaa katika fomu, kisha kuifuatisha na amri zake. Nchini Uingereza, shambulio la aina hiyo dhidi ya kampuni ya simu ya TalkTalk mnamo 2015 lilifichua habari za wateja 156,959. Mwaka wa 2016 kampuni hiyo ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Kuifuta ritifaa kwenye jina si suluhisho. Katika Kiswahili, ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti. Vivyo hivyo, Ng'ang'a aliyeandikwa Nganga katika sajili moja atakuwa na stakabadhi zisizolingana, na ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.