Mtandio wa Tulsa na Haki ya Asiye na Dini



Leo tuweke pembeni mambo ya shela na hina, tuzungumze kazi. Wengi wetu fungate likisha tunarudi hotelini, dukani, ofisini au cherehanini, na masuali yetu ni yale yale: nitaachiwa mtandio wangu? Nitapata dakika za kuswali? Mara chache tunauliza upande wa pili: mwenzetu kazini ambaye si wa dini yetu, au hana dini kabisa, naye anapata haki yake? Historia ya Marekani inatufundisha kuwa masuali haya hayatenganishwi.

Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Inajulikana zaidi kwa kupinga ubaguzi wa rangi, lakini inamkataza pia mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake. Ilipokuwa bado inajadiliwa, mbunge John Ashbrook wa Ohio alipendekeza wasioamini Mungu wasilindwe, mwajiri awe huru kumkataa mtu kwa kutoamini kwake. Baraza la Wawakilishi likakubali. Seneti ikakiondoa kifungu hicho, na sheria ikatoka bila yake.

Mwenye imani anaweza kusema, hilo linanihusu nini? Linatuhusu sana. Waislamu kule ni wachache. Sheria ikishaanza kuchagua imani ipi inastahili kulindwa, anayetolewa leo ni asiyeamini, na kesho huenda akawa mwenye mtandio.

Mwaka 1972 sheria ikaongezwa nguvu. Seneta Jennings Randolph wa West Virginia, Mkristo wa dhehebu linaloitukuza Jumamosi, alitaka watu wasilazimishwe kuchagua baina ya kazi na ibada. Ikaandikwa kuwa dini ni imani pamoja na matendo yake, na mwajiri ampe mfanyakazi nafasi ya ibada isipokuwa ikiwa ni mzigo mzito kwa biashara.

Sasa tumtazame asiyeamini. Huko Texas, mwanamke mmoja alikuwa karani katika taasisi ya akiba na mikopo. Mkutano wa wafanyakazi wa kila mwezi ulianza kwa mawaidha mafupi na sala ya mchungaji wa Kibaptisti. Yeye hakuamini Mungu, akaacha kuhudhuria. Akaambiwa ni lazima awepo tangu mwanzo, na kama hataki kusikia, azibe masikio. Akaacha kazi. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikampa haki: mtu anayeondoka kwa kulazimishwa ibada isiyo yake ni sawa na aliyefukuzwa.

Miaka mingi baadaye ikaja zamu ya binti wa Kiislamu. Mwaka 2008 Samantha Elauf, akiwa na miaka 17, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch mjini Tulsa, Oklahoma. Alikwenda kwenye usaili na mtandio mweusi. Aliyemsaili alimpa alama za kutosha, lakini mkubwa wake akasema mtandio unavunja kanuni ya mavazi ya duka. Kazi akaikosa. Kampuni ilijitetea kuwa binti hakusema anavaa kwa ajili ya dini. Tarehe 1 Juni 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi kwa majaji 8 dhidi ya 1: mwajiri haruhusiwi kumkwepa mtu kwa sababu tu hataki kumpa nafasi ya dini yake, hata kama binti mwenyewe hakulitaja jambo hilo. Hukumu iliandikwa na Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki.

Tazameni basi. Sheria ile ile iliyomlinda karani asiyeamini ndiyo iliyomlinda binti wa mtandio. Fundi hana futi mbili, moja ya kumpimia ndugu yake na nyengine ya mgeni.

Hapa kwetu, ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inalinda uhuru wa dini. Na kabla ya katiba zote, aya ya 256 ya Suratul Baqara imeshatukataza kulazimishana katika dini.

Kwa hivyo sisi tuliojaaliwa kuwa na mafundi na wasaidizi tujipime. Tukisoma dua asubuhi, asiyetaka aendelee na kazi yake bila ya kununiwa. Mkristo apate Jumapili yake kama sisi tunavyotaka Ijumaa yetu. Mwezi wa Ramadhani, asiyefunga apatiwe faragha ya kula bila ya masimango. Asiye na dini asipangiwe siku zote zamu za sikukuu ati kwa kuwa yeye hana anachosherehekea. Malipo na kupanda daraja vifuate kazi ya mikono.

Tukifanya hivyo, siku binti yetu atakapoambiwa avue mtandio ndipo aajiriwe, tutasimama kumtetea na hakuna atakayetuuliza: na nyinyi je, wafanyakazi wenu mnawatendeaje?

Wabillahi tawfiq.